Leza ya Kujitengenezea Gitega na Muyinga: Kipimo Kabla ya Nguvu

Kijana wa Gitega au Muyinga anayetaka kujitengenezea leza yenye nguvu hatakwama kwa kukosa leza. Wengi hudhani ugumu uko hapo, na ndiyo maana wengi huanzia mahali pasipofaa. Kompyuta nyingi za mezani zilizokufa, zile za miaka ya 2000 zilizorundikwa nyuma ya ofisi na shule, zina kisanduku cha kuchomea DVD. Ndani yake kuna dayodi nyekundu inayoweza kutoa mwanga wa miliwati mia moja na zaidi. Huo tayari ni mwanga wa kuchoma karatasi nyeusi na kutoboa puto. Anayetaka zaidi ataagiza dayodi ya buluu ya wati tano kutoka China, au atamtuma mfanyabiashara anayekwenda Kariakoo, na mzigo utapita Kahama, Nyakanazi, Ngara na Kabanga hadi kuvuka Kobero na kuingia Muyinga. Ni kitu cha kutia mfukoni.

Kinachokosekana ni vitu vitatu: miwani ya kinga iliyo ya kweli, kipimo cha nguvu ya mwanga, na sanduku la kuufungia mwanga huo. Kwa maoni yangu, swali la leza ya nyumbani katika miji hii miwili linasimama juu ya vitu hivyo vitatu. Wati ngapi, rangi gani, dayodi au mrija wa gesi, hayo yote yanafuata.

Tuanze na namna mwanga huu ulivyofika mezani kwa fundi wa kawaida. Leza ya kwanza iliwaka tarehe 16 Mei 1960 huko Malibu, California, mikononi mwa Theodore Maiman, aliyetumia kijiti cha rubi ya kutengenezwa na taa ya mmweko. Miaka miwili baadaye zikapatikana leza za dayodi, na mwaka 1964 Kumar Patel, mhandisi mzaliwa wa India, akatengeneza leza ya gesi ya kaboni dioksidi katika maabara ya Bell huko Marekani. Wapenzi wa ufundi hawakukaa mbali. Jarida la Scientific American, katika safu yake ya wanasayansi wa nyumbani, lilichapisha miaka ya 1960 na 1970 maelekezo ya kujitengenezea leza za gesi, za rangi ya kimiminika na za naitrojeni. Ila kazi zile zilidai pampu ya kuvuta hewa, fundi wa kupuliza kioo na subira ya miezi.

Mlango ulifunguliwa na semikondakta. Shuji Nakamura, akiwa katika kampuni ya Nichia nchini Japani, alifanikisha dayodi za leza za rangi ya buluu na zambarau katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2010 zikaingia sokoni projekta zilizotumia dayodi za buluu za nanomita 445, zaidi ya ishirini ndani ya projekta moja, kila moja ikitoa karibu wati moja. Wapenzi wa ufundi duniani walizinunua projekta mpya ili kuzivunja na kuuza dayodi mojamoja. Tangu hapo bei imeshuka mwaka hadi mwaka, na nguvu ambayo zamani ilikuwa ya maabara imekuwa ya mtu yeyote mwenye pasi ya kulehemu. Maarifa ya kuilinda jamii na nguvu hiyo hayakushuka bei kwa kasi hiyohiyo.

Nguvu yenyewe tuieleze kwa hesabu, maana neno "wati tano" linadanganya. Balbu ya wati tano haimtishi mtu. Lakini leza haisambazi mwanga wake chumba kizima. Ukizikusanya wati tano kwa lenzi hadi kwenye nukta ya mraba yenye upande wa sehemu ya kumi ya milimita, unapata wati 50,000 kwa kila sentimita ya mraba. Jua la utosini, siku isiyo na wingu, huleta takriban sehemu ya kumi ya wati kwenye eneo hilohilo. Nukta ya leza ile inazidi jua mara laki tano. Ndiyo maana mbao inageuka mkaa kwa kufumba na kufumbua, na ndiyo maana jicho halina nafasi.

Sasa mezani. Dayodi ya DVD ni kikopo cha chuma chenye kipenyo cha milimita 5.6 au pungufu, chenye miguu mitatu myembamba kama nywele za ufagio. Ukikigusa umevaa nguo ya nailoni siku ya kiangazi cha Julai, umeme tuli wa mwilini mwako unaweza kukiua bila cheche kuonekana wala sauti kusikika. Fundi mwangalifu huizungushia miguu hiyo uzi wa shaba mtupu, ili yote mitatu iwe na volti moja, kabla ya kuing'oa mahali pake, na hautoi uzi huo hadi kulehemu kumekwisha.

Adui wa pili ni mkondo. Dayodi haiulizi volti, inauliza ampea. Ukiifunga moja kwa moja kwenye betri, mkondo utapanda kwa kasi kuliko mkono wako, na vile vioo viwili vidogo kwenye ncha za fuwele vitaungua. Dayodi iliyoungua namna hiyo haizimiki kabisa. Hubaki inatoa mwanga hafifu, na anayeanza hudhani imepungukiwa na umeme, akaiongezea. Dawa yake huuzwa na wauza vipuri: saketi ndogo ya LM317. Ukiifunga kwa mtindo wa kudhibiti mkondo, volti 1.25 zikigawanywa kwa rezista uliyoweka ndizo ampea utakazopata. Rezista ya omu tano hutoa miliampea 250, ambazo ni za kutosha kwa dayodi nyingi nyekundu za DVD.

Kabla ya kuunganisha dayodi yenyewe, weka ya uongo: dayodi nne za kawaida za 1N4007 zilizopangwa mfululizo, pamoja na rezista ya omu moja. Pima volti kwenye rezista hiyo kwa mita yako. Kila milivolti moja ni miliampea moja. Wenye haraka huiruka hatua hii, kisha hulazimika kuagiza dayodi nyingine na kuisubiri ivuke mpaka. Kwa fundi wa Guangzhou kuunguza dayodi ni hasara ya alasiri moja. Kwa fundi wa Muyinga, katika nchi ambayo fedha za kigeni zimekuwa adimu na dola ya mtaani iko mbali na ya benki, ni hasara ya wiki kadhaa.

Kisha kuna joto. Moduli ya buluu ya wati tano za mwanga hula wati 15 hadi 20 za umeme, na zinazobaki zote hugeuka joto ndani ya kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Bamba la alumini na feni ni sehemu ya leza kama ilivyo lenzi. Hapa nchi yetu ya milima ina jambo lake. Gitega iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Muyinga iko juu zaidi. Katika kimo hicho msongamano wa hewa umepungua kwa asilimia 15 hivi ukilinganisha na Dar es Salaam, kwa hiyo feni ileile hubeba joto pungufu kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Anayefuata vipimo vya mtu wa pwani bila kuongeza ukubwa wa bamba, dayodi yake itazeeka kabla ya wakati.

Kimo hichohicho kinageuka hatari kamili tukiingia kwenye leza za gesi. Mrija wa kaboni dioksidi wa wati 40, ule wa mashine ndogo za Kichina za kukatia plaiwudi na akriliki, huhitaji volti elfu 15 hivi kufanya kazi na zaidi kidogo kuwaka. Hewa nyepesi ni kizuizi dhaifu cha umeme, na cheche huruka mbali zaidi hapa kuliko usawa wa bahari. Nafasi iliyotosha kati ya waya na fremu ya chuma huko kiwandani huenda isitoshe Gitega. Mkondo wake ni wa miliampea chache tu, lakini ni mkondo unaoweza kusimamisha moyo, na nyumba nyingi zetu hazina waya wa ardhi unaoaminika.

Mrija huo pia hupoozwa kwa maji yanayozungushwa na pampu. Anayeishi na umeme wa shirika la Regideso ajiulize nini kitatokea saketi ya pampu ikizimika huku leza inaendelea kwenye jenereta au inveta: mrija wa kioo hupasuka. Ni kweli hali ya umeme inabadilika. Kituo cha jua cha Mubuga, mkoani Gitega, kilianza kutoa megawati 7.5 mwaka 2021. Maporomoko ya Rusumo yana mtambo wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, na laini yake ya upande wetu, yenye urefu wa kilomita 161, inatoka Rusumo, inapita Muyinga na kuishia Gitega. Miji yetu miwili imefungwa kwenye waya mmoja wa kilovolti 220. Hata hivyo, mashine inayovunjika kwa sababu umeme umekatika dakika moja si mashine ya kuanzia hapa. Dayodi ya buluu inaridhika na betri ya volti 12 na paneli ya jua ya kawaida. Hoja hiyo peke yake inatosha kuamua.

Ipo njia nyingine inayovutia watu wa fizikia: leza ya naitrojeni. Haihitaji mrija wala vioo. Vipande viwili vya alumini, karatasi ya plastiki, umeme wa volti elfu kadhaa, na hewa tunayovuta ndiyo kiini chake, kwa kuwa sehemu kubwa ya hewa ni naitrojeni. Maelekezo yake yalichapishwa kwa wapenzi wa ufundi mwaka 1974. Mwanga wake, wa nanomita 337.1, ni wa urujuanimno na hauonekani. Unauona tu ukigonga karatasi nyeupe ambayo hung'aa buluu. Ningependa sana kila lise yenye mwalimu wa fizikia aliye makini ijenge moja, kwa sababu inamfundisha mwanafunzi leza ni nini zaidi kuliko dayodi elfu za kununuliwa. Lakini volti zake nazo zinaua, na kapasita hubaki na umeme baada ya swichi kuzimwa. Ni kazi ya darasa lenye mwalimu. Mtoto asiachiwe peke yake uani.

Kuhusu transfoma ya maikrowevu kama chanzo cha volti hizo, nitasema kwa ufupi. Inapatikana, ni bure, na inatoa volti elfu mbili kwa mkondo unaozidi mara nyingi kiasi cha kuua. Imeua wapenzi wa ufundi wenye uzoefu katika nchi zenye gari la wagonjwa kila kona. Iacheni. Maikrowevu iliyokufa ina kitu bora kwa kazi yetu, nacho ni zile swichi ndogo za mlangoni zinazokata umeme mlango ukifunguliwa. Nitazirudia.

Sasa macho, na hapa sitaharakisha. Jicho ni lenzi. Miale ya leza inayoonekana, pamoja na ile ya infraredi iliyo jirani yake, ikiingia kwenye mboni hukusanywa juu ya retina na kuongezeka ukali takriban mara laki moja. Kwa hiyo nguvu ambayo ngozi ya mkono haiisikii inaweza kuunguza retina. Kanuni za kimataifa, IEC 60825-1, zimegawa leza kwa madaraja. Leza inayoonekana isiyozidi miliwati moja ni daraja la 2, na kinga yake ni kupepesa jicho, tendo linalochukua kama robo ya sekunde. Kutoka miliwati tano hadi 500 ni daraja la 3B, ambapo kupepesa hakusaidii tena. Juu ya miliwati 500 ni daraja la 4, na huko hata nukta iliyotua ukutani inaweza kuwa hatari kuitazama kwa karibu, mbali na kuwasha moto. Dayodi ya DVD inaingia 3B tangu siku ya kwanza. Moduli ya wati tano inazidi mpaka wa daraja la 4 mara kumi.

Jeraha lake halina maumivu ya kumfanya mtu akimbie. Mara nyingi mtu huona mmweko, kisha doa linalobaki katikati ya kile anachokitazama: usoni mwa mtu, kwenye herufi anayoisoma. Retina ikiungua katikati, pale penye uoni mkali, kovu ni la kudumu. Hakuna dawa ya matone wala miwani ya kusomea itakayolirudisha. Mtu wa Muyinga anayehitaji daktari bingwa wa retina hatampata mjini kwake. Itambidi aanze safari ya Bujumbura, na wote tunajua safari hiyo imekuwaje katika miaka hii ya uhaba wa mafuta. Gharama ya kosa hapa ni kubwa kuliko gharama ya kosa lilelile Berlin au Nairobi, na tahadhari yetu inapaswa kuwa kubwa zaidi kwa kiasi hichohicho. Mara nyingi nasikia kinyume chake, kwamba sisi maskini tutumie tulichonacho. Kwenye kulehemu, sawa. Kwenye macho, hapana.

Miwani ya jua haifai. Ya fundi wa kuchomelea haikutengenezwa kwa kazi hii. Ile ya plastiki ya rangi inayokuja bure pamoja na moduli, bila namba yoyote juu yake, siiamini, na sioni kwa nini mtu mwingine aiamini. Miwani ya kweli huandikwa urefu wa wimbi inaouzuia na kiwango cha kuzuia, kinachofupishwa OD. OD 4 hupitisha sehemu moja ya elfu kumi: wati tano zinakuwa nusu ya miliwati. OD 5 hupitisha sehemu moja ya laki. Miwani ya machungwa inayozuia buluu ya nanomita 450 huacha nyekundu ya DVD ipite kama dirisha. Aliye na leza mbili za rangi tofauti anahitaji miwani mbili, au moja iliyothibitishwa kwa zote mbili.

Leza za kijani zina mtego wake. Nyingi huanza na dayodi ya infraredi ya nanomita 808, ambayo huchochea fuwele itoe nanomita 1064, kisha fuwele ya pili hugeuza hiyo kuwa kijani cha 532. Kichujio cha kuzuia infraredi kikiachwa ili kupunguza bei, miale isiyoonekana hutoka pamoja na kijani. Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, walipima kalamu ya kijani ya bei nafuu iliyoandikwa miliwati 10 na kukuta inatoa takriban miliwati 20 za infraredi, huku kijani chenyewe kikiwa hafifu. Mtumiaji anaona mwanga dhaifu na kudhani yuko salama. Mboni yake imepanuka, na infraredi inaingia bila kizuizi. Namba iliyobandikwa kwenye leza ya bei nafuu haina thamani mpaka ipimwe.

Miwani humlinda aliyeivaa. Uani kwetu si maabara. Kuna mtoto anayechungulia mlangoni, jirani anayepita na ndoo ya maji, kioo cha pikipiki, sufuria inayong'aa. Mwale uliogonga chuma laini hurudi na nguvu zake karibu zote. Kwa hiyo leza yenye nguvu isiyo ndani ya sanduku lililofungwa haifai kuwashwa katika nyumba ya Kirundi yenye watu, hata kama mwenyewe amevaa miwani bora. Sanduku la mabati au la plaiwudi lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, lenye feni ya kutoa moshi nje na bomba lake, litatosha. Na mlangoni kwake ndipo zinapokaa zile swichi za maikrowevu: mlango ukifunguliwa, mkondo wa dayodi unakatika wenyewe. Wekeni mbili mfululizo, ili moja ikikwama nyingine ikate. Moshi nao si wa kupuuza. Plastiki ya PVC, pamoja na ngozi ya bandia iliyotengenezwa nayo, ikichomwa na leza hutoa gesi ya hidrojeni kloridi inayounguza mapafu na kutia kutu mashine nzima. Mteja akileta kitu usichokijua, kirudishe.

Na kwa nini mtu ajisumbue? Kwa sababu kazi ipo. Gitega imekuwa makao makuu ya kisiasa kwa sheria ya mwaka 2019, na ofisi huja na vibao vya milango, majina ya mezani, zawadi za kuagana. Mageuzi ya mwaka 2023 yamepunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42. Muyinga sasa iko ndani ya mkoa wa Buhumuza. Ramani inapobadilika, kila kibao na kila barua yenye kichwa cha zamani hubadilika pia. Ngoma ndogo za ukumbusho, vijiko vya mbao, kadi za harusi, majina ya wanafunzi kwenye rula: moduli ya buluu inayosogezwa na mota ndogo za printa huandika vyote hivyo juu ya mbao. Akriliki angavu itaishinda, maana buluu hupita ndani yake kama hewani. Mihuri ya mpira inawezekana pia, na hapa natoa onyo la wazi: muhuri wa serikali huagizwa na serikali. Fundi akubali tu muhuri wa duka, chama au kanisa ambalo mwenyewe amekuja, na aandike jina la mteja daftarini.

Kwa kazi hizo, wati tano ni nyingi kuliko anazohitaji anayeanza. Kuandika juu ya mbao laini huanza vizuri hata chini ya wati mbili. Kinachotofautisha kazi nzuri na mbaya ni ukali wa nukta, mwendo sawia na lenzi isiyo na moshi. Hamu ya wati nyingi hutoka kwenye video za watu wanaowasha viberiti kutoka mbali, na hakuna mteja anayelipia jambo hilo.

Mwale uliotoka nje ya nyumba una uzito mwingine katika nchi hii. Watu wazima wa Gitega na Muyinga wanakumbuka vita vilivyoanza 1993, na wadogo zao wanakumbuka machafuko ya 2015. Nukta nyekundu ikitua ukutani usiku, au kwenye kifua cha askari wa zamu, haitasomwa kama mchezo wa mwanafunzi, na sidhani kama aliyeshtuka atalaumiwa. Kwenye ndege ni hatari nyingine: rubani anayetua usiku hupofuka kwa sekunde chache wakati ambao hana sekunde za kupoteza, na nchi nyingi humfunga anayefanya hivyo. Dunia ilishaona mbali kuhusu macho: itifaki iliyopitishwa Vienna Oktoba 1995 inakataza hata majeshi kutumia leza zilizobuniwa kupofusha. Leza ya kujitengenezea isiwe na umbo la kalamu wala bastola. Iwe mashine, ikae mezani, itazame chini.

Nani basi aanze, na wapi? Jirani zetu wamechagua chumba cha pamoja. FabLab ya Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2016, na Gearbox ya Nairobi zina mashine za kukatia kwa leza ambazo mtu huzitumia akiwa na msimamizi. Juu zaidi kwenye ngazi hiyo kuna Kituo cha Leza cha Afrika, kilichozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2003, na kazi ya miaka mingi ya Ahmadou Wagué aliyejenga fizikia ya leza katika Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop huko Dakar. Kwa kijana wa Muyinga, Kigali ni karibu kuliko Dar es Salaam, lakini Burundi ilifunga mipaka yake ya ardhi na Rwanda Januari 2024. Kwa hiyo tujenge hapa. Shule ya ufundi moja Gitega na moja Muyinga, kila moja na chumba kimoja chenye mlango wa kufungwa, miwani nne zenye namba zake, sanduku moja na moduli moja. Gharama ya miwani, inayomshinda kijana peke yake, haiishindi shule, wala haivishindi vikundi vya kuweka akiba ambavyo vijana tayari wanavyo.

Na chumba hicho kianze na kipimo, kwa sababu kipimo kinaweza kutengenezwa kwa mikono na takataka za hapahapa. Kwenye mashine za maji baridi na friji ndogo za gari kuna kigae cheupe chenye waya mbili, kinachoitwa Peltier. Ukikipa umeme kinapooza. Ukikipasha joto upande mmoja kinatoa volti. Kipakwe masizi ya koroboi upande mmoja hadi kiwe cheusi kabisa, na upande wa pili kigandishwe kwenye bamba nene la alumini. Kando ya eneo jeusi ibandikwe rezista ndogo. Ipe rezista volti na ampea unazozijua, tuseme wati moja kamili, subiri namba itulie, andika milivolti zinazotoka kwenye kigae. Rudia kwa nusu wati na kwa wati mbili, chora mstari kwenye karatasi ya hesabu. Kisha, ndani ya sanduku lililofungwa, tua mwale wa leza kwenye masizi, nukta ikiwa pana na si kali, na usome wati zako kwenye mstari huo. Haitakuwa sahihi kama ya NIST. Itakosea kwa asilimia kumi au zaidi, lakini itakuambia mapema kama kile kilichoandikwa miliwati tano kinatoa mia mbili, na itakuambia namba ipi uitafute kwenye miwani kabla hujailipia. Wanafunzi wanaojua kutumia mita na kuchora mstari wanaweza kuimaliza kazi hii darasani, na kigae, rezista na masizi vinaweza kutoka kwenye takataka za hapahapa.